Bi Nukta kwenye Mkutano wa Wachapaji

Watu wa kiwandani walimwita Bi Nukta, na jina hilo hakulipata kwa kupendwa. Alilipata kwa kurudisha kurasa. Kazi yake ilikuwa kusahihisha vitabu vya nukta nundu, yale maandishi ya vidoti vilivyoinuka ambayo wasioona huyasoma kwa ncha za vidole. Kama doti moja ililala pale ilipopaswa kusimama, kidole chake cha shahada kiliinasa, na ukurasa ukarudi ulikotoka. Fundi Mtambo, aliyeendesha mashine ya kuchapa, alikuwa akisema mwanamke huyu akifika mbinguni hataingia mpaka kwanza apapase lango aone kama limenyooka.

Macho yake yaliondoka na surua akiwa mtoto mdogo. Alichobaki nacho ni rangi nyekundu ya kanga ya mama yake na mwanga wa jua uliokuwa ukiingia chini ya mlango. Basi. Mengine yote aliyajua kwa masikio, pua na vidole, na hakuwa mtu wa kusikitikia hali hiyo. Alisoma, akaajiriwa, akaolewa na fundi cherehani mpole asiyesema sana, na nyumba ikawa na amani isipokuwa pale wifi yake alipofungua mdomo. Wifi huyu, dada wa mumewe, alikuwa msusi. Wasusi husuka nywele kwa vidole na habari kwa ulimi, na huyu alikuwa bingwa wa vyote viwili.

Kiwanda chenyewe kilikuwa vyumba vitatu nyuma ya shule ya watoto wasioona. Cha kwanza kilikuwa na mtambo, unaogonga kutwa nzima. Cha pili kilikuwa na meza ya Bi Nukta na ya washonaji wa vitabu. Cha tatu kilikuwa stoo ya karatasi, na ni stoo hiyo iliyoanza maneno. Asubuhi moja aliingia kuchukua karatasi, akakohoa, na kikohozi chake kikamrudia. Stoo iliyojaa haina mwangwi. Akanyoosha mkono kwenye rafu, akapapasa mbao tupu.

Nukta nundu haichapwi kwenye karatasi yoyote tu. Ikiwa nyembamba, doti hupasuka, au husimama leo na kesho zimelala. Inatakiwa karatasi nene, ngumu, yenye moyo. Mfanyabiashara aliyekuwa akiwaletea alikuwa amezeeka na kufunga duka, na wanawe hawakutaka habari ya karatasi.

Zamani jambo kama hilo lingekuwa la Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa mama wa makamo aliyeona vizuri, na kwa miaka mingi kazi yake ilionekana kuwa ni kutembea. Leo yuko kwenye uzinduzi, kesho yuko kwenye mkutano, keshokutwa yuko msibani kwa mtu ambaye hakuna aliyemjua. Bi Nukta hakuwa akificha maoni yake. "Sisi tunachapa kazi," alikuwa akiwaambia washonaji, "mama anachapa chai." Lakini mwaka huo Mkurugenzi alipasuliwa koo, na daktari akamkataza kutoa sauti kwa miezi kadhaa, hata kunong'ona. Na mkutano mkubwa wa wachapaji, unaokutanisha watu wa mashine, wino na karatasi kutoka kila upande, ulikuwa umekaribia.

Akamwita Bi Nukta ofisini. Kwa kuwa mmoja alikuwa hawezi kusema na mwingine hawezi kuona, walipatana kwa mashine ya kuandikia nukta: Mkurugenzi alipiga vitufe, tak, tak, tak, kisha akasukuma karatasi juu ya meza mpaka ikagusa vidole vya mwenzake. Ya kwanza ilikuwa na maneno mawili: *Utakwenda wewe.*

Bi Nukta alicheka. Kisha aliposikia hakuna anayecheka naye, akaacha.

"Mama, mimi si mtu wa watu. Mtume Fundi Mtambo."

*Fundi akifika penye watu hutazama viatu vyake.*

"Mimi hata viatu vyangu sivioni."

Alimsikia Mkurugenzi akicheka kwa pumzi ya puani. Kisha vitufe vikagonga kwa muda, na karatasi ikaja: *Basi hutakuwa na cha kutazama. Utasikiliza.*

Kuanzia hapo, kila alasiri alikuwa mwanafunzi. Mkurugenzi alimfundisha kusema kiwanda chao ni nini kwa pumzi moja, si zaidi. Alimfundisha kwamba mtu akikutajia jina la mtoto wake, hilo ni zawadi, ulishike. Alimkataza kuomba chochote kwenye salamu ya kwanza. *Mkono mtupu haulambwi*, aliandika, na Bi Nukta alipouliza kiwanda kisicho na karatasi kina nini cha kumpa mtu, jibu likawa fupi: *Utakijua ukifika.* Wakatengeneza na bizinesi kadi kutoka kwenye mabaki ya karatasi ya mwisho: maandishi ya kawaida ya wino, na juu yake maneno yale yale kwa nukta. Bi Nukta alizisahihisha zote. Tatu alizirudisha.

Siku ya mkutano wifi yake alifunga kibanda cha ususi akamshika mkono. Ukumbi ulikuwa wa hoteli, na jambo la kwanza lililomshtua Bi Nukta lilikuwa chini ya miguu yake: zulia nene kiasi kwamba fimbo yake nyeupe ilinyamaza. Alikuwa amezoea sakafu zinazomjibu. Kisha milango ikafunguliwa na sauti zikamjia.

Hakuwahi kusikia kitu kama kile. Walikuwa watu wengi mno wakizungumza kwa wakati mmoja chini ya dari la juu sana, na mazungumzo yao yalipanda, yakagonga juu, yakashuka yamechanganyika. Ukisikiliza kwa ujumla ulikuwa ni mvumo mmoja. Ukikaza sikio, mvumo ulifunguka: hapa wawili wanabishana kuhusu wino, pale mmoja anamcheka mwenzake kwa upole, kule mwanamke anasema "nilijua tu ni wewe" kwa sauti ya mtu aliyekutana na ndugu. Palinukia wino, kahawa, manukato na karatasi mpya. Alisimama mlangoni kinywa wazi mpaka wifi yake akamwambia twende, tunawazibia watu njia.

Lakini siku hiyo ya kwanza ilimwendea vibaya. Kwenye meza ya usajili dada mmoja aliuliza, "Anaitwa nani?" huku akimuuliza wifi. Kwenye chai mhudumu naye akamuuliza wifi, "Anatumia sukari?" Wifi akajibu, "Muulize, mdomo anao." Mhudumu akaona haya, Bi Nukta akaona haya kwa ajili ya mhudumu, na chai ikanywewa kimya kimya.

Jambo baya zaidi lilitokea kabla ya chakula cha mchana. Wifi alikuwa ameenda kupanga foleni. Bwana mmoja akasimama mbele ya Bi Nukta, akamsalimia vizuri, akauliza wao ni akina nani. Kila alichofundishwa kikamtoka. Badala ya pumzi moja alitumia zisizohesabika. Alieleza kiwanda kilivyoanza, vitabu walivyotoa, ugumu wa kushona mgongo wa kitabu kinene, mfanyabiashara aliyefunga duka, rafu tupu, watoto wanaosubiri. Alipofika mwisho kijasho chembamba kilikuwa kinamteremka. Akanyoosha kadi. Hakuna mkono uliokuja kuipokea. Akaendelea kuinyoosha.

"Mama," mtu mmoja akasema kwa upole pembeni yake, huku vikombe vikigongana kwenye sinia, "yule bwana aliitwa. Ameondoka kitambo."

Alirudisha kadi mkobani. Alipokuja wifi na sahani mbili, alimkuta amekaa kimya kama maji ya mtungini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao ya pamoja, wifi naye alinyamaza.

Jioni walipita kwa Mkurugenzi. Bi Nukta alisimulia yote bila kujihurumia, akamaliza kwa kusema kesho haendi, wamtafute mtu mwenye macho. Mkurugenzi alipiga vitufe kwa muda mrefu kuliko kawaida.

*Mwaka wa kwanza nilimweleza mtu mmoja mambo yetu yote tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilipomaliza akaniambia yeye ni dereva, anamsubiri bosi wake. Nilitamani ardhi inimeze. Njiani dereva akamsimulia bosi. Mtambo unaousikia ukigonga kila siku umetoka kwa huyo bosi.*

Bi Nukta alipitisha kidole mara mbili. Miaka yote aliufahamu mtambo ule, mlio wake ukiwa mzima na ukiwa mgonjwa, na hakuwahi kujiuliza ulitoka wapi. Karatasi ya pili ikamfikia: *Kesho usielezee kitu. Uliza mtu kuhusu kazi yake, halafu nyamaza.*

Siku ya pili alichagua mwenyewe pa kusimama. Alimwambia wifi amweke karibu na birika kubwa la chai, kwa sababu mtu anaweza kukwepa meza ya maonyesho lakini chai haikwepi. Wifi akamweka hapo, akaaga anakwenda chooni mara moja. Haukupita muda, sauti ya mwanamume, nzito, yenye haraka, ikasema karibu na sikio lake:

"Samahani dada, una wifi?"

"Ninaye," Bi Nukta akajibu. "Kaenda chooni, anarudi sasa hivi."

Kisha yule mtu akaanza kucheka, kwanza kwa kujizuia, kisha kwa kushindwa, mpaka chai ikamwagika kwenye kisosi. "Dada, mimi naulizia ya simu," akasema, na Bi Nukta naye akaelewa, akacheka mpaka akashika meza. Mtu wa nyuma yao akataka kujua kuna nini, akaambiwa, akaenda kuwaambia wenzake. Kicheko kikatembea kutoka meza hii hadi ile, na Bi Nukta akakisikia kinavyokwenda mbali, kinapinda kona, kinafika mwisho wa ukumbi. Jambo dogo alilolisema yeye, pale penye birika, lilikuwa limefika huko.

Yule mtu alikuwa msimamizi wa kiwanda cha kuchapa kalenda. Bi Nukta akamuuliza kazi inakwendaje, halafu akafanya kama alivyoagizwa: akanyamaza. Kunyamaza kulimwuma kama kiatu kipya, lakini alivumilia. Msimamizi akasema kazi nzuri tu. Akanyamaza naye. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyemkatiza, akasema kwa kweli si nzuri sana. Stoo yake imejaa kalenda za mwaka uliopita ambazo wateja walikataa kuchukua, watu wanajikwaa. Na kisu cha mashine yake ya kukatia karatasi kimekuwa butu, kinatafuna kingo kama panya, na mzee aliyekuwa akikinoa amefariki, na anayejua kunoa kisu cha namna ile hampati.

Bi Nukta alisikia kitu kikijigeuza kichwani mwake. Jana, alipokuwa amekaa na aibu yake karibu na mlango, alimsikia mtu mwenye sauti ya kukwaruza akimlalamikia jirani yake kwamba yeye ni fundi wa kunoa visu vya mashine, amepanga meza yake vizuri, na wote wanaosimama wanamuuliza choo kiko wapi.

"Usiondoke," akamwambia Msimamizi. "Kuna mtu nataka umjue."

Wifi alikuwa amerudi. Wakaenda wote watatu upande wa mlango, na Bi Nukta, kwa kujiamini kupita kiasi, akaisikia sauti ya kukwaruza, akaielekea, akamsalimia mwenyewe na kumwambia amemletea mtu mwenye shida ya visu. Sauti ikarudi nyuma kidogo. Alikuwa mwanasheria wa chama cha wachapaji, mwenye mafua. Wifi akaomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima. Meza ya tatu kutoka hapo ndipo walipompata fundi mwenyewe, akila pipi ya mnanaa na kutazama watu wakipita.

Bi Nukta alisema neno moja tu. "Huyu kisu chake kimekufa," akasema, "na wewe ndiye unayevifufua."

Halafu akasimama katikati yao, na wakamsahau. Msimamizi alianza kueleza kwa wasiwasi, fundi akamuuliza kisu kinatafuna upande gani, mwanzo wa rundo au mwisho wake. Msimamizi akasema mwisho. Fundi akasema "aaa," ile "aaa" ya mtu aliyeujua ugonjwa kabla ya kumwona mgonjwa. Sauti ya Msimamizi ilikuwa imeingia pale ikiwa juu, imebana, na sasa ilishuka neno kwa neno mpaka ikatulia. Ya fundi, iliyokuwa imechoka, ilinyooka. Muda mfupi tu uliopita watu hawa walikuwa ukumbi mmoja, kila mmoja amebeba kile mwenzake anachokitafuta, na wangeweza kurudi kwao bila kujuana. Mwili ulimsisimka Bi Nukta kuanzia mgongoni mpaka kwenye vidole. Alifikiria mvumo wa jana, watu wote wale, na kwa ghafla akausikia kwa namna nyingine: haja zote zile na majibu yote yale yakiruka hewani chini ya dari moja, yakipishana kwa kiasi cha mkono. Ilimbidi amshike wifi yake begani.

"Umechoka?" wifi akauliza.

"Hapana. Nisubiri kidogo."

Ndipo Msimamizi akamgeukia. "Na wewe dada, hatujakuuliza. Ninyi mnachapa nini?"

Hakutoa maelezo. Alitoa kadi. Msimamizi akaipokea, na Bi Nukta akasikia kidole gumba chake kikisugua. Akauliza vipele hivi ni nini. Bi Nukta akakishika kidole chake cha shahada, kidole kigumu chenye ukoko wa wino, akakipitisha polepole: hapa ni jina la kiwanda, hapa namba ya simu, hapa pana nafasi, pumzika, sasa endelea. Kidole kilikuwa kizito mwanzoni. Katikati ya mstari kikawa chepesi. Fundi wa visu akasema na yeye anataka. Watu wawili waliokuwa wakipita wakasimama.

"Sasa hizi mnachapa kwenye karatasi gani?" Msimamizi akauliza. Aliuliza yeye.

"Nene," alisema Bi Nukta, akaishia hapo.

Msimamizi akaondoka bila kuaga, na kwa kitambo Bi Nukta alidhani yamekuwa yale ya jana. Lakini alirudi, amechomoa ukurasa wa kalenda kwenye meza yake, akamwekea mikononi. Bi Nukta akaupima kwa vidole viwili. Akauzungusha, akasugua mgongo wake. Akaupeleka karibu na sikio akautikisa, nao ukalia kama bati dogo.

"Upande mmoja una picha?"

"Una picha, na tarehe za mwaka uliopita. Ndiyo shida yake. Haufai tena."

"Msomaji wangu haoni picha," Bi Nukta akasema. "Wala haoni tarehe."

Msimamizi akamshika mkono, akasahau kwamba walijuana asubuhi hiyo tu, akasema twende, na ukumbi ukaanza kumfungukia. Alimpeleka kwa mama wa benki anayeagiza kalenda kila mwaka na kila mwaka zinabaki. Mama huyo akamwita mwenzake wa bima, ambaye ana mabango. Mwenzake wa bima akamjua mtu wa bohari la ramani zilizopitwa na wakati. Kila mmoja alimkabidhi kwa mwingine kwa jina na kwa sifa, kama mtoto anavyopitishwa mikononi kwenye nyumba yenye ndugu wengi.

Na kulikuwa na jambo jingine. Kila alipotaja kiwanda chao, kabla hajamaliza, mtu aliuliza: "Yule mama yenu hajambo?" Mmoja alisema mama yule alikuja kumzika baba yake, akakaa na wanawake jikoni siku nzima. Mwingine alisema siku alipoachishwa kazi Mkurugenzi alimkuta analia kwenye ngazi za ofisi, akakaa naye hapo hapo. Mama wa benki alisema: "Huwa ananiuliza mwanangu anaendeleaje na hesabu. Hata baba yake haulizi." Bi Nukta aliitikia, akashukuru, akaahidi kufikisha salamu. Ile chai aliyokuwa akiicheka miaka yote, alikuwa sasa anapita juu yake kama mtu apitaye juu ya daraja, na hakuona mwisho wake.

Salamu alizifikisha zote jioni ile, moja moja. Mkurugenzi alisikiliza bila kugusa vitufe. Alipomaliza, kulikuwa na sauti ya mtu anayetafuta kitambaa. Kisha: *Huyo wa hesabu, alifaulu?*

"Alifaulu," Bi Nukta akasema. Alikuwa ameuliza.

Kazi haikuishia hapo. Mkurugenzi alimwandikia kwamba anayejuana na mtu mkutanoni kisha asimtafute amepanda mbegu kwenye meza. Basi Bi Nukta, kwa simu yake inayosoma kwa sauti, alianza kupiga. Mwanzo alipiga kama mtu anayedai, mpaka wifi, akisuka kichwa cha mteja pembeni, akamwambia aanze na habari za watu kabla ya habari za vitu. Wapo waliopokea kwa furaha. Wapo ambao hawakupokea kabisa, na yupo mmoja aliyeahidi makubwa na kutoweka kama chumvi majini. Msimamizi yeye alipokea mlio wa kwanza. Kisu kinakata kama wembe, akasema, na kabla Bi Nukta hajafika kwenye jambo lake, akasema lori linakuja.

Lilikuja asubuhi, na stoo ikaacha kutoa mwangwi. Si karatasi zote zilifaa. Zile zenye mng'aro mwingi doti zilipasuka juu yake, na Fundi Mtambo alinung'unika kwamba ameletewa takataka za matajiri. Siku kadhaa walichambua, wakajaribu, wakatupa. Lakini zile zenye mgongo mkavu zilikubali. Ukurasa wa kwanza ulipotoka, ungali na joto la mtambo, Bi Nukta aliupitia kutoka juu mpaka chini, watu wote wamemzunguka. Hakuurudisha.

"Huu una twiga," Fundi Mtambo akasema baada ya hapo, kwa sauti ya chini.

Ulikuwa ukurasa wa kuzidisha, mara saba. Tangu siku hiyo, kila alichosahihisha alikuwa akimuuliza Fundi Mtambo kuna nini chini yake. Palikuwa na mlima wenye theluji chini ya sarufi. Palikuwa na meneja wa benki akipeana mkono na mtu asiyejulikana, chini ya sura nzima ya mzunguko wa damu.

Sauti ya Mkurugenzi ilirudi polepole, nyembamba na yenye mikwaruzo. Mkutano uliofuata ulipokaribia, alipoulizwa nani ataenda, alinyoosha kidole, na washonaji wakamwambia Bi Nukta kwamba kidole kinamwelekea yeye. Hakubisha. Aliomba tu kadi ziongezwe.

Kabla ya mkutano huo, Msimamizi alikuja kutembea. Alisema anataka kuona karatasi zake zilikokwenda. Bi Nukta akampeleka upande wa shule, akafungua mlango wa darasa moja taratibu, wakasimama kizingitini. Mwalimu aliwaona akaendelea na kazi yake. Watoto walikuwa wakisoma, kila mmoja na kitabu chake, na hakuna aliyesema neno.

"Ni mlio gani huo?" Msimamizi akanong'ona baada ya muda.

Bi Nukta hakuelewa. Kisha akasikiliza pamoja naye, na akausikia: mchakacho mwepesi sana, wa pamoja, usiokatika, kama mvua inayoanza kwenye majani kabla haijafika chini.

"Vidole," akasema.

Maisha yake yote ulikuwepo, na alikuwa hajawahi kuusikia. Wakasimama wakiusikiliza. Msimamizi alivuta pumzi akaishikilia, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Msichana wa dawati la mbele aliinua kichwa. Alikuwa amesikia wageni. "Nani huyo?" akauliza, na Bi Nukta akamwambia ni baba anayetuletea karatasi, karatasi ambazo chini ya maneno zina picha.

"Shikamoo baba," msichana akasema. "Ukurasa wangu una picha gani?"

Msimamizi akaitikia, akaenda, akachuchumaa kando ya dawati. Akatazama. Picha ile alikuwa ameichapa mara zisizo na hesabu, ameipima wino wake, ameikata kingo, ameilaani kule stoo.

"Ni maporomoko ya maji," akasema.

"Yakoje?"

Mchakacho ulikuwa umekoma. Darasa zima lilikuwa limeinua vidole kutoka kwenye kurasa. Bi Nukta, mlangoni, naye akageuza sikio, kwa kuwa hata yeye hakuwahi kuyaona.

"Ni maji mengi," Msimamizi akaanza, akakwama. Akajaribu tena, polepole, akiuangalia ukurasa kama ndiyo kwanza anauona. "Ni mto mzima. Unakuja taratibu, hauna habari. Halafu ardhi inaisha."